Nguo, mikono, mdomo: mwongozo kwa wanaotoka na ambulansi Goma

Mwaka wangu wa kwanza kwenye ambulansi tuliitwa Majengo, mtaa wa hapa Goma, mashariki mwa Kongo, usiku, kwa mtoto aliyeshikwa na degedege. Tulikuwa tumetoka tu kumshusha motari, dereva wa pikipiki, aliyevunjika mguu, na hatukupita kituoni. Nikaruka garini, mfuko begani, nikavuka parseli, kiwanja cha nyumba yao, mbio. Mama mtoto alikuwa amesimama mlangoni. Hakunitazama usoni. Alianzia chini, kwenye buti, ambako damu ya yule motari ilikuwa bado mbichi kwenye kamba. Akamkumbatia mtoto, akarudi ndani. "Huyu hapana," akasema. Mwenzangu, ambaye nguo zake zilikuwa safi, ndiye aliyeingia. Mtoto alipata nafuu. Mimi nilibaki uani nikimulika tochi.

Tangu usiku ule nahesabu nguo pamoja na vifaa vya kazi, kama ninavyohesabu oksijeni na glavu.

Mwongozo huu nawaandikia wanaoanza: wauguzi, madereva, wajitoleaji wa huduma ya kwanza. Wengi wenu mnafunga bandeji vizuri kuliko mimi. Shida iko kabla ya bandeji, kwenye ile dakika moja ambayo familia inaamua kama utaingia au hutaingia. Hapa kwetu watu wameona jile nyingi, vile vizibao vya kazi: za volkano, za vita, za Ebola, za kuandika majina ya msaada na kutorudi tena. Nguo peke yake haitawafanya wakuamini, ila inaweza kabisa kuwafanya wakukatae.

Hatua ya kwanza: fua leo nguo ya kesho

Uwe na jozi mbili za sare, moja mwilini, nyingine imepigwa pasi na kutundikwa kituoni. Ukiweza jozi ya tatu, hata iliyochakaa, iweke kwenye gari ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu kuna siku utatapikiwa saa mbili asubuhi na zamu yako inaisha jioni.

Goma haina mto. Mvua ikinyesha maji yanazama kwenye mawe ya volkano, na kartie nyingi, yaani mitaa, zinaishi kwa bidoni, madumu ya maji. Kwa hiyo usiseme "nitafua nikirudi" kama hujui maji yako wapi. Weka bidoni yako moja ya kufulia, na usikubali mtu aichote kwa kupikia.

Damu ifue kwa maji baridi kwanza. Maji ya moto yanaipika damu ndani ya uzi, kama yai linavyoganda kwenye sufuria, na hapo doa limekuwa lako mpaka nguo iishe. Loweka, sugua kwa sabuni, suuza, halafu ndipo ufue kama kawaida. Vaa glavu ngumu za kufulia. Sare usiipeleke nyumbani kwenye beseni moja na nguo za watoto; hili nalirudia kila mara na kila mara namkuta mtu anaenda na mfuko wake kwapani.

Klorini inasaidia nguo nyeupe. Nguo ya rangi inaharibu, na mikanda inayong'aa kwenye jile inaiua kabisa: baada ya mara chache unabaki na utepe wa kijivu usioonekana na dereva yeyote usiku. Mikanda hiyo fua kwa mkono, kwa kitambaa laini, na pasi isiiguse. Mwenye pasi ya makaa aijaribu kwanza juu ya gazeti, kwa sababu majivu huwa yanasubiri sare nyeupe. Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, vumbi letu jeusi linaingia hata kwenye mshono. Kung'uta nguo kabla ya kuilowesha, la sivyo unafulia tope.

Jina na kazi yako viandikwe kifuani kwa herufi zinazosomeka ukiwa hatua mbili mbali. Kiswahili juu, Kifaransa chini. MUUGUZI. DEREVA. Asiye daktari asiandike wala asiache watu waamini kwamba ni daktari. Hapa kila aliyevaa nyeupe anaitwa "dokta", na ni rahisi kuzoea. Sahihisha mara moja, kwa upole, kisha endelea na kazi.

Sasa jambo lenye uzito katika mji huu: usifanane na mwanajeshi. Suruali ya kamufulaji, kofia ya kijani, buti ndefu za jeshi, miwani myeusi, mkanda wenye mifuko kila upande, yote hayo yaache nyumbani. Najua vijana wanavipenda. Nimeona mmoja aliyefunga mkasi mkubwa kwenye ala pajani. Mchana ni mkasi. Saa nne usiku, umeme umekatika, mtu anayekuona kwa mwanga wa simu haoni mkasi. Uweke mfukoni.

Na ule msalaba mwekundu si pambo la ambulansi. Mkataba wa kwanza wa Geneva uliufanya alama ya kuwalinda wahudumu wa majeruhi mwaka 1864, na mikataba ya 1949 imeendelea kuulinda. Anauvaa aliyeruhusiwa na sheria tu. Kama unafanya kazi kwenye kliniki ya binafsi, tafuteni alama nyingine. Magari mengi ya wagonjwa duniani yana nyota ya buluu yenye ncha sita, katikati fimbo iliyozungukwa na nyoka. Kuuchora msalaba kwenye gari lisilo na ruhusa kunamharibia mwenzako anayeutegemea kupita penye risasi.

Hatua ya pili: mikono na kichwa

Hapa sitakawia. Kucha fupi, zisipite nusu sentimita, na za bandia hapana, hata kama harusi ni Jumamosi. Pete, saa ya mkononi na bangili vinakaa kituoni kwa sababu uchafu unajificha chini yake na vinatoboa glavu. Nywele za rasta au za kusuka zifungwe nyuma zisimguse mgonjwa unapoinama. Mwenye ndevu ndefu ajue kwamba barakoa ya FFP2, ile ya kuchuja hewa, haishiki vizuri juu ya ndevu. Hewa inapita pembeni, na anajidanganya.

Marashi makali yaache, kuna mgonjwa wa pumu ambaye utampa shida kabla hujampa dawa. Pombe sina haja ya kuieleza, ila nasema na ya jana: harufu yake kinywani asubuhi inatosha familia ikufukuze, na watakuwa na haki.

Kunawa: sabuni na maji, sekunde 40 hadi 60. Dawa ya alkoholi ya kupaka, sekunde 20 hadi 30, mpaka ikauke yenyewe. Nawa mbele ya familia ukiweza. Hawatasema kitu, lakini wanakuangalia.

Hatua ya tatu: kaguana na mwenzako kabla ya gari kuondoka

Nusu dakika inatosha. Mwenzako akutazame kuanzia buti kwenda juu, kama yule mama alivyonitazama mimi. Damu? Zipu? Jina linaonekana? Glavu ziko mfukoni au umeshazivaa? Ukiwa umezivaa, zivue. Mtu anayeshuka garini na glavu mkononi ameshashika mlango wa gari, redio, simu na pua yake. Glavu vaa ukimfikia mgonjwa.

Buti zinahitaji maji ya klorini ya asilimia 0.5. Kwa ile poda kali ya asilimia 65 hadi 70, kipimo tulichokizoea tangu siku za Ebola ni vijiko 10 vikubwa kwenye bidoni ya lita 20. Kijiko kimoja kwenye lita 20 kinatoa maji mepesi ya asilimia 0.05, ya mikono. Koroga, acha nusu saa, tumia siku ileile, kesho tengeneza mengine. Bidoni ziandike kwa rangi mbili tofauti ili mtu asioshe mikono kwa maji ya buti. Damu inayoonekana iondoe kwanza kwa kitambaa, kwa sababu klorini inamalizwa nguvu na uchafu. Na usiichanganye na sabuni.

Hatua ya nne: njiani

King'ora ni cha kuomba njia. Zima mita chache kabla ya kufika. Ukiingia nacho mpaka uani unaleta kartie nzima, na nusu yao watakusaidia kwa kupiga kelele. Kwenye vichochoro vya mtaa wa Birere, kati ya chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, na mabanda ya biashara, hata hivyo hakifungui chochote. Anayefungua njia ni kijana anayetembea mbele ya gari akisema "samahani mama, samahani papa".

Usimtukane motari. Atakukata mbele, atakukwaruza kioo, nawe utanyamaza. Kesho yeye ndiye atakayekuletea majeruhi kabla hata hujapigiwa simu.

Kwenye barieri, kizuizi cha barabarani, yoyote ile, ya yeyote yule: punguza mwendo mapema, zima king'ora, shusha vioo. Usiku washa taa ya ndani ili waone nyuso. Mikono ya dereva ibaki juu ya usukani. Anayezungumza awe mmoja, na awe amepangwa tangu kituoni. "Jambo wakubwa. Tuko watu wa ambulansi, tunapeleka mugonjwa hopitali." Basi. Usieleze siasa, usitanie, usitoe simu. Silaha haipandi kwenye ambulansi, hata ya mgonjwa mwenyewe, na mtu asiye mgonjwa anayeomba lifti hapandi pia, awe mjomba wako. Siku gari likikutwa limebeba kitu kingine, magari yote yanayofuata ndiyo yanayolipa.

Hatua ya tano: mlangoni

Hii ndiyo hatua niliyoikosea, kwa hiyo mtanisamehe nikikaa hapa.

Hata kama unakimbia kutoka kwenye gari, hatua tatu za mwisho tembea. Piga hodi, hata kama mlango uko wazi na watu wanakuita kwa mikono. Salimia. Mtu akikata roho ndani ya sekunde tano za salamu, hata bila salamu usingemuwahi. Lakini salamu inakufungulia nyumba nzima: anayejua dawa alizomeza, anayejua saa alipoanguka, anayejua kuwa ana mimba na hajamwambia mtu.

Mimi nasema hivi, karibu neno kwa neno:

"Hodi! Jambo mama, jambo papa. Mimi ni muuguzi wa ambulansi, huyu ni mwenzangu. Mulituita. Tunaomba ruhusa ya kumuangalia mugonjwa. Nani anamujua muzuri?"

Swali la mwisho ndilo ufunguo. Linampa mtu mmoja kazi, na wengine wanarudi nyuma bila kufukuzwa.

Mama ni mama, papa ni papa, hata kama ni mdogo wako. Mwanamke mwenye umri wa dada yako mwite dada au yaya, kwetu ni dada mkubwa, mzee mwite mzee. "Wewe" hatulitumii kwa mgonjwa. Na usiseme "huyu" huku ukimnyooshea kidole aliyelala chini. Ana jina, liulize, litumie.

Kama yupo mzee wa nyumba kumi au shefu wa avenyu, kiongozi wa barabara hiyo, msalimie kabla hajajitambulisha. Akishakujua, yeye ndiye atakayewaondoa watazamaji dirishani.

Kuhusu barakoa. Mgonjwa wa Ebola wa kwanza kugunduliwa Goma alikuwa Julai 2019, karibu mwaka mzima baada ya ugonjwa kutangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu 2,287. Tuliokuwa kazini miaka ile tunakumbuka walivyotutazama tuliposhuka garini tayari tumefunikwa mwili mzima, macho tu ndani ya miwani. Watoto walikimbia. Watu wazima waliokota mawe, na hapa mawe hayatafutwi. Baadaye tukajifunza kushuka na nguo za kawaida, kusalimia, kuonyesha uso, kusema majina, ndipo tuvae mbele yao huku tukieleza kila kipande ni cha nini. Kwenye vazi tukaandika jina kwa kalamu nene. Liberia, mwaka 2015, msanii wa Marekani Mary Beth Heffernan alienda mbali zaidi: aliwapiga picha wahudumu wakitabasamu, na picha zikabandikwa kifuani juu ya vazi la kinga. Nasi tunaweza. Picha moja na utepe wa kubandikia si gharama.

Kwa hiyo, kama huna sababu ya kuvaa tangu garini, onyesha uso ukiwa mbali hatua chache, salimia, halafu vaa barakoa. Tangu siku za Ebola wengi wanaelewa ukiweka mkono kifuani badala ya kushikana mikono, na tangu mpox ilipofika kwenye kambi za waliokimbia vita hatuna haja ya kuomba radhi kwa hilo.

Ukishafika kwa mgonjwa, shuka. Piga goti. Mtu aliyelala sakafuni akitazama juu anaona magoti, mikanda na mashimo ya pua zenu, na hiyo haimtulizi mtu. Zungumza naye yeye, hata akiwa hajibu. Mweleze unachotaka kufanya kabla ya kukifanya: "Sasa nitagusa tumbo. Sasa tutakugeuza."

Kukata nguo ya mwanamke kunataka ruhusa na kunataka pazia. Mwombe ndugu wa kike asimame na kitenge kilichokunjuliwa. Na ukilazimika kukata kitenge chenyewe, kata kwenye mshono. Vingine ni vya mahari, vingine ndiyo nguo pekee nzuri ya mwaka. Kilichokatwa kwenye mshono mshonaji wa pale sokoni atakirudisha. Kipande usikitupe, kikunje umkabidhi dada yake. Niliwahi kukutana na mama mmoja kwenye soko la Virunga aliyenishukuru kwa jambo hilo tu. Kwamba tulimzuia asitokwe damu hadi kufa hakulitaja kabisa.

Hatua ya sita: chunga mdomo

Usizungumze Kifaransa na mwenzako juu ya kichwa cha mgonjwa ukidhani ni siri. Kila nyumba ina mtoto wa shule. Kama mna jambo la kusema, tokeni nje.

Usicheke. Najua, kuna usiku tunacheka ndani ya gari ili tusilie, na hilo sitalikataza. Mlango wa gari ukifunguka, kicheko kinabaki ndani.

Usiahidi. "Atapona" ni neno la Mungu na la daktari, na hata daktari analisema kwa woga. Wewe sema unachokijua: "Anapumua. Tumefunga damu. Tunaenda naye hopitali, na mtu mmoja wa familia anaweza kupanda."

Kama mtu amekufa kabla hujafika, na kazi yako haikuruhusu kutangaza kifo, usitangaze; fuata taratibu za kituo chako. Ukiwa wewe ndiye unayetakiwa kusema, keti, au angalau simama ukiwa umetulia, mtafute mkubwa wa familia, sema "amefariki". Usiseme "ametuacha" wala "amelala". Mtu aliyeshtuka anasikia nusu ya neno, na nimeona ndugu wakikimbilia maji wamwamshe. Baada ya hapo nyamaza. Kilio kitaanza. Usitazame saa, usikunje machela kwa kelele. Funika uso wa marehemu kwa kitambaa cha nyumba yao, kama hali ya ugonjwa inaruhusu, na mwombe mkubwa akuambie wanataka nini kuhusu mwili. Wakati wa Ebola tulichukua miili kwa haraka na bila maneno ya kutosha, na timu za maziko zilipigwa mawe. Utaratibu ulibadilika ndugu walipoanza kuitwa washuhudie na kusali.

Kuna na mdomo wa uvumi. Ukivaa jile watu wanadhani unajua. Jumamosi usiku ule wa tarehe 22 Mei 2021, volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka na mbingu zikawa nyekundu, niliulizwa na watu nisiowajua, magodoro vichwani, kama waende Gisenyi, upande wa Rwanda, au Sake, upande wa magharibi, kama ziwa litachemka, kama barabara ya uwanja wa ndege imeshakatika. Sikuwa najua. Mwenzangu mmoja alijibu kwa kubahatisha, na nikaona kundi zima likigeuza njia kwa neno lake. Jibu sahihi lilikuwa: "Sijui, mama. Ninachokijua ni kwamba hapa tuna maji na tunapokea waliojeruhiwa."

Hatua ya saba: macho ya watu, simu na pesa

Usipige picha ya mgonjwa. Usiipokee kutoka kwa mwenzako, usiisambaze kwenye kundi la WhatsApp la kituo kwa kisingizio cha mafunzo. Wengine watakuwa wanapiga, huwezi kuwazuia wote. Geuka tu, weka mgongo wako kati ya simu na uso wa mgonjwa.

Pikipiki ikigonga mtoto, kundi litataka kumpiga motari. Wewe huulizi nani mwenye makosa. Kama ameumia, ni mgonjwa wako wa pili, na unamshika kwa mikono ileile na sauti ileile. Wagonjwa wakiwa wawili na gari ni moja, anayeumia zaidi anatangulia, na unasema hivyo kwa sauti wasikie. Jambo hilohilo linamhusu majeruhi mwenye sare ya upande wowote.

Matabishi. Familia itakufuata na noti mkononi, "ya soda". Kukataa kwa jeuri ni kuwatukana. Shika mkono, sio noti, sema "asante sana papa, hiyo mununulie mugonjwa maji", na upande gari. Ukichukua leo, kesho jirani yao hatapiga simu kwa sababu amesikia ambulansi inalipwa mlangoni.

Mali ya mgonjwa ihesabiwe kwa sauti, mbele ya watu wawili, mmoja awe wa kartie. "Simu moja, kioo kimepasuka. Kadi ya mpiga kura. Faranga elfu kumi na nne na mia tano. Funguo mbili." Mwenzako anaandika, shahidi anaweka sahihi, vitu vinaingia bahasha, bahasha inafungwa. Kama hakuna shahidi, hesabu hivyohivyo kwa sauti ndani ya gari. Inachukua dakika moja. Mimi nimewahi kutuhumiwa kwa simu ambayo mwisho ilikutwa chini ya kiti cha pikipiki, na kilichoniokoa ni karatasi ile.

Hatua ya nane: mahali pa kutokimbia

Hii inahusu mwenendo, ingawa wengi wanaiweka kwenye usalama. Upande wa Mugunga, Bulengo na Ziwa Kijani, kuna mabonde na mashimo yenye mazuku, ile hewa ya volkano ambayo wazee waliipa jina kabla wanasayansi hawajaja na vipimo. Ni kaboni dioksidi. Nzito kuliko hewa, inatuama chini kama maji, haina rangi, na pua haikuonyi. Mtu anaanguka, ndugu anashuka kumchukua, naye anaanguka.

Hapo ndipo jile inapokuwa hatari, kwa sababu kila mtu anakutazama wewe ushuke. Usishuke. Barakoa uliyonayo shingoni inachuja vumbi na vijidudu; haiwezi kukutengenezea oksijeni. Simama juu, zuia watu, ita wenye vifaa vya kupumulia, sema kwa sauti kwa nini hushuki. Utatukanwa. Uwe na sauti moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya tisa: kukabidhi na kuondoka

Hospitalini, mkabidhi mgonjwa kwa muuguzi wa mapokezi ukiwa umesimama naye, sio ukiwa mlangoni unasema "tumemuacha pale". Jina, umri, kilichotokea, ulichokuta, ulichofanya, saa ngapi. Usibishane mbele ya familia hata ukipokelewa vibaya, na utapokelewa vibaya, kwa sababu nao hawajalala.

Kabla ya kuondoka kwenye parseli ya watu, tazama chini. Okota glavu, vipande vya bandeji, vifuniko vya sindano. Watoto wa hapa wanazipuliza glavu kama puto, na ya kwako ina damu. Chukua mfuko wako wa taka, nenda nao, uchomwe hospitalini. Kama damu imemwagika sakafuni, mwonyeshe mama wa nyumba namna ya kusafisha, na mwachie klorini kidogo ndani ya chupa iliyoandikwa.

Ukirudi kituoni, buti kwanza, kabla ya chai. Mimi nilibadilisha kamba nikaweka nyeupe, wenzangu wakanicheka kwamba nimekuwa mchezaji wa mpira. Kwenye kamba nyeusi damu ya yule motari niliiona mimi wa mwisho. Nyeupe nazifungua kila jioni, naziloweka kwenye bakuli la maji baridi, na jozi ya akiba iko kwenye mfuko wa kushoto wa jile, imekunjwa ndani ya karatasi ya sabuni.